Land Rover ya marehemu babu, binti wa miaka 15 na chumvi ya pwani: tuanzie wapi?

*"Assalamu alaykum. Marehemu baba yangu aliacha Land Rover Series III fupi, ya petroli, ya mwaka 1976. Enzi zake ilibeba magunia ya karafuu, na usiku ilibeba wagonjwa. Imekaa chini ya mwembe miaka tisa, nje kidogo ya Wete, na pwani si mbali. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na kila siku ananiuliza lini tutaanza kuitengeneza mimi na yeye. Fundi mmoja amesema bodi ni ya alumini haishiki kutu, kwa hiyo kazi ni injini tu: tutie betri na petroli mpya, tuipige stata, halafu chini tupake oili chafu na juu tupige rangi. Jirani naye anasema mtoto wa kike atajiumiza bure. Tuanzie wapi? Kipi anaweza kukifanya yeye kwa mikono yake? Na tutajuaje kama gari limeshakwisha, tusije tukamwaga fedha?"*

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee.

Unaogopa mambo mawili: fedha kupotea na mtoto kuumia. Yote mawili yanazuilika ukiufuata mpangilio wa kazi, na mpangilio aliokupa fundi wako umepinduka. Katika gari lililokaa pwani miaka tisa, injini ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi, na mara nyingi huamka. Kinachoamua kama hili bado ni gari ni chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, na chesisi haipigi kelele ikiharibika. Kwa hiyo nyundo ije kabla ya betri. Kuhusu binti yako, zaidi ya nusu ya kazi hii anaiweza. Zipo chache asizoziguse, nami nitazitaja moja moja.

Nianze na hili la alumini, maana limewaharibia watu wengi magari. Fundi amesema nusu ya ukweli. Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma baada ya vita, na hiyo ni sababu moja ya mabati ya bodi kutengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Mpaka Series III, iliyotoka kiwandani kuanzia 1971 hadi 1985, ikabaki hivyo. Lakini alumini ni ngozi tu. Chesisi ni chuma. Ukuta wa mbele, ule unaotenganisha injini na miguu ya dereva na kushika bawaba za milango, ni chuma. Fremu za milango ni chuma chini ya ngozi ya alumini. Na kila mahali alumini inapokutana na chuma pana ugonjwa wake wa peke yake.

Metali mbili tofauti zikigusana kisha zikalowa maji ya chumvi, zinakuwa betri ndogo. Umeme mdogo unapita kati yao, na ile metali dhaifu ndiyo inayoliwa. Hapa dhaifu ni alumini. Tazameni chini ya mlango, na pale bodi ya nyuma inapofungwa kwenye chesisi: mkiona rangi imevimba vipele, na ndani yake unga mweupe kama chokaa, huyo ndiye mdudu mwenyewe. Upepo wa bahari unaleta chumvi, umande wa usiku unaiyeyusha, jua linakausha, na kesho mambo yanaanza upya. Si lazima gari liingie majini. Kwa hiyo mtakapoirudisha bodi, chuma na alumini visigusane vikiwa vitupu. Pakeni praima pande zote mbili, tieni kipande chembamba cha mpira au plastiki katikati, na bolti zipakwe mastiki kabla ya kukazwa. Bolti za stenilesi watu wanazipenda kwa sababu haziozi zenyewe, lakini zikikazwa bila kizuizi zinaifanya alumini iliyo pembeni yake iliwe. Bolti zilizochovywa zinki zinatosha, na ni rahisi.

Sasa chesisi. Ni vibati vinne vilivyochomelewa vikawa boksi refu, unene wake kama milimita 2. Nguvu yake iko kwenye umbo hilo la boksi, na udhaifu wake uko huko huko: ndani ni tupu. Matope ya njia za shamba huingia kwa vitundu vya kutolea maji, yanaviziba, yanabaki na unyevu mwaka mzima, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Rangi ya nje inaweza kuwa nzuri huku chuma chake kimebaki unene wa kopo la maziwa. Ndiyo maana oili chafu si dawa. Kweli inapunguza kasi ya kutu pale inapofika, lakini ile inayokumaliza iko ndani ya boksi, na brashi haifiki. Juu yake, oili chafu inashika mchanga, inalainisha bushi za mpira, inafanya rangi isishike kabisa baadaye, na si kitu cha kumpa mtoto aipake kwa mikono, kwani ina sumu zinazopenya kwenye ngozi. Lami ya chini ya gari ikipakwa juu ya kutu ni mbaya zaidi. Inafungia maji ndani na kuficha ushahidi.

Kabla ya kupima lolote, litoeni gari kwenye udongo. Ardhi iliyo chini ya mwembe inapumua unyevu usiku kucha. Lisogezeni kwenye sakafu ya saruji au mwageni kokoto, na juu yake banda la makuti au mabati lililo wazi pembeni. Msilifunike turubai la plastiki likagusa bodi. Mvuke unaganda ndani yake, na mtakuwa mnalipikia kutu.

Kisha mpe binti yako nyundo ndogo, bisibisi ya zamani na chaki. Kazi hii ni yake, na masikio yake pengine ni makali kuliko yako. Agonge chesisi taratibu kila baada ya sentimita tano. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu "pu" kama boga. Penye "pu" achome kwa ncha ya bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikizama au ikitoa magamba, azungushe duara la chaki na apige picha. Aende kwanza kwenye boriti ya nyuma inayovutia trela, kisha mashikio ya springi za nyuma. Afuatie mikono inayotoka pembeni kushika ukuta wa mbele, sehemu iliyo juu ya tangi la petroli chini ya kiti cha kulia, na pembe mbili za mbele zinazoshika springi. Kwenye ukuta wa mbele aangalie sakafu za miguu na chini kabisa ya nguzo za milango. Namba ya chesisi imepigwa mhuri kwenye shikio la springi la mbele, upande wa kulia. Aisafishe kwa brashi ya nailoni tu, aiandike, na muilinganishe na kadi ya gari. Mtu yeyote asipitishe grenda hapo. Namba ikifutika mtapata tabu ya usajili mbaya kuliko kutu.

Baadaye pimeni unyoofu. Gari likiwa limesimama sawa, shusheni timazi kutoka sehemu nne zinazolingana kulia na kushoto, mfano bolti za mashikio ya springi, na tieni alama sakafuni. Mistari miwili ya kukatisha pembe kwa pembe lazima ilingane. Tofauti ya milimita mbili tatu inaweza kuwa kosa la vipimo, lakini ikizidi sentimita moja, chesisi imepinda na mnahitaji mtu mwenye meza ya kunyoosha.

Baada ya hapo mtakuwa na ramani ya chaki, nayo ndiyo itakayokwambia kama gari limekwisha. Matundu yakiwa kwenye boriti ya nyuma na mikono ya pembeni tu, usikate tamaa. Sehemu hizo zinauzwa zikiwa zimetengenezwa tayari, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza pia kuzikunja kwa bati la milimita 2 au 3. Sharti kila kiraka kishikwe kwenye chuma kizima, kilichosafishwa mpaka kinang'aa. Kiraka juu ya kutu ni plasta juu ya jipu. Lakini mkikuta mashikio ya springi yameoza pande zote mbili, au viraka vya zamani vimepandana, basi hesabu inabadilika. Hapo una njia mbili za maana. Moja ni chesisi nyingine iliyotumika kutoka Bara, ambako Land Rover hizi bado ni nyingi. Ni nafuu, ila lazima uigonge mwenyewe kabla ya kulipa, na asili yake iwe na karatasi. Nyingine ni chesisi mpya iliyochovywa zinki kutoka Uingereza, ambako mpaka leo zinatengenezwa. Ni ghali, na nauli na ushuru vinaongeza, lakini katika hewa ya Pemba zinki ile ndiyo kinga ya kweli. Kwa vyovyote, nenda ofisi ya usajili wa magari kabla ya kununua, uulize utaratibu wa kubadilisha chesisi. Na ikiwa ukuta wa mbele nao umekwisha pamoja na chesisi, nakwambia kwa moyo mweupe: hapo mnajenga gari jipya kwa kutumia mabati ya mzee. Watu wanafanya hivyo kwa mapenzi, na si kosa, ila uingie ukijua.

Kitu kimoja kuhusu kuchomelea ukuta wa mbele, kwa sababu kosa hili halirekebishiki kirahisi. Kabla fundi hajakata chochote, fungeni milango yote miwili mahali pake na ifungeke vizuri. Milango ndiyo rula yenu. Nguzo ikichomelewa huku mlango uko pembeni umeegemezwa ukutani, itasogea milimita chache kwa joto, na mlango hautafunga tena maisha yake yote.

Chesisi ikipita mtihani, nendeni kwenye injini. Hapa namwelewa fundi wako: mtoto anataka asikie mlio. Msimnyime, lakini msipige stata kwanza. Silinda zilizokaa kavu miaka tisa zina ringi zilizogandana na kutu nyembamba, na stata ikilazimisha inavunja ringi au kupinda fimbo ya valvu iliyokwama. Toeni plagi zote nne. Katika kila silinda mimineni kijiko kikubwa kimoja cha oili safi iliyochanganywa na dizeli nusu kwa nusu, muache siku tatu. Kisha zungusheni kwa hendeli ya mbele, taratibu, plagi zikiwa nje. Hendeli ina adabu yake, na mfundishe binti yako kuanzia siku ya kwanza: dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke kushika. Injini ikirudi nyuma ghafla, dole gumba lililoshika ndilo linalovunjika. Isipozunguka, ongezeni oili na subira. Msichomeke bomba kwenye hendeli ili kuirefusha na kulazimisha.

Ikizunguka, mwageni oili ya zamani na muitazame. Nyeusi ni kawaida. Ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia, na kabla ya kuwasha lazima hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, ifunguliwe na gasketi ikaguliwe. Tieni filta mpya na oili ya 20W-50, lita 6 na zaidi kidogo pamoja na filta, kisha zungusheni kwa stata bila plagi mpaka taa ya oili izime. Petroli ya zamani msiijaribu hata kidogo. Imeshageuka gundi inayonuka kama vanishi, na itaziba kabureta. Mpira wote wa kupitishia petroli utupwe. Kwa jaribio la kwanza tumieni kopo dogo la petroli safi lililofungwa imara mbali na injini, na debe la mchanga mkavu liwe karibu. Tangi lenyewe litashughulikiwa baadaye, na hapa sina namna ya kulegeza: tangi la petroli halichomelewi nyumbani, hata kama limekaa tupu miaka tisa, hata likioshwa kwa sabuni. Mvuke uliojificha kwenye mshono unatosha kuua. Nunueni lingine.

Urekebishaji wa injini hii ni kazi aliyoumbiwa mwanafunzi wa kidato cha pili. Plagi zina mwanya wa milimita 0.75 hadi 0.80, pointi za distributa 0.35 hadi 0.40, na mfuatano wa moto ni 1-3-4-2 ukihesabu kutoka kwenye rejeta. Nafasi ya tapeti zote nane, ule mwanya ulio juu ya kila valvu ikiwa imefunga, ni milimita 0.25, iwe injini ya moto au ya baridi. Ili kujua lini valvu imefunga kabisa, wazee wa gereji wanatumia hesabu ya tisa: valvu ya 8 ikiwa imefunguka mpaka mwisho, unapima ya 1; ya 6 ikifunguka, unapima ya 3; ya 4 na ya 5, ya 7 na ya 2, kisha kinyume chake. Jumla ni tisa kila mara. Bati la fila, lile jembamba la kupimia nafasi hiyo, lipite likiwa na ukinzani kidogo, kama kisu kinachopita kwenye siagi baridi. Mpe fila, mwandikie jedwali, muache apime mara mbili na kuandika. Wewe pima mara ya tatu bila kutazama daftari lake, kisha mlinganishe. Vijana wana subira ya jambo hili kuliko mafundi wengi wenye haraka.

Ulinganisho huo una faida nyingine. Injini hii ilibuniwa wakati petroli ina risasi (madini ya lead), na risasi ile ilikuwa inalinda viti vya valvu za moshi, yaani pale valvu zinapokalia zikifunga. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, na Tanzania ni mojawapo. Kwa mwendo wa polepole wa Wete na Konde injini itaishi, wala msiharakishe kufungua hedi kwa hofu. Lakini daftari la binti yako likionyesha valvu za moshi zinapoteza nafasi kila baada ya miezi michache, viti vinaliwa. Siku hedi ikitoka, peleka itiwe viti vigumu vya chuma.

Giaboksi na difu nitazipitia haraka. Fungueni nati ya chini ya kila moja polepole. Kama kuna maji yatatangulia kutoka, kwa sababu oili inaelea. Giaboksi inachukua lita 1.5 za oili ya EP90, boksi la pili, linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, lita 2.5, kila difu kama lita 1.75. Fungueni nati ya juu ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, msije mkamwaga oili halafu mkashindwa kutia. Na spana ni za inchi. Za milimita zitakula vichwa vya nati na kuwatia hasira bure.

Breki ziko kundi la peke yake. Gari likishindwa kuwaka, linabaki uani. Likishindwa kusimama, linaua. Baada ya miaka tisa msijaribu kuokoa chochote cha mpira au cha maji. Wili silinda zote, masta silinda, mipira mitatu ya kupitishia mafuta, vyote vipya. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na maji hayo yanatia kutu mabomba kutoka ndani, kwa hiyo bomba za chuma nazo zitoke. Za mchanganyiko wa shaba na nikeli zinadumu zaidi pwani. Tieni mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka kopo lililofunguliwa siku hiyo, na mtu asije akatia oili ya injini humo, kwani inavimbisha mipira yote na kazi inaanza upya. Vumbi la ndani ya dramu ni hatari nyingine. Viatu vya breki vya miaka ile, na sahani ya klachi, vinaweza kuwa na asbesto, inayoharibu mapafu bila kuonekana. Msipulize kwa kompresa, msifagie kavu. Lowesheni kwa maji ya sabuni, mfute kwa matambara, matambara yafungwe kwenye mfuko na kutupwa. Hatua hii ifanye wewe, binti asiwepo karibu. Kufunga viatu vipya na kutoa hewa kwenye breki mnaweza kufanya pamoja: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua na kufunga. Kabla gari halijatoka kwenye geti, fundi wa breki mwenye uzoefu alikague gurudumu kwa gurudumu.

Kama kuna mfumo mmoja wa kumkabidhi binti yako kutoka mwanzo hadi mwisho, ni umeme. Waya za gari hili ni chache na zinasema kweli kwa rangi zake. Kahawia unatoka moja kwa moja kwenye betri na una moto muda wote. Mweupe unapata moto ufunguo ukiwashwa, na wa kijani ni huo huo baada ya kupita kwenye fyuzi. Bluu ni taa kubwa, mwekundu ni taa ndogo, mweusi ni ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri. Achore ramani yake kwenye karatasi kubwa, waya kwa waya, na taa ya kujaribia mkononi. Umeme wa volti 12 hautamrusha, ila betri ina moto mkubwa wa kuunguza, kwa hiyo ncha hasi itolewe kabla ya kazi, na pete na bangili zivuliwe. Tatizo atakalolikuta zaidi ni ethi mbovu: taa hafifu, honi inakohoa, kwa sababu kutu na ule unga mweupe vimekata njia ya kurudi. Asafishe kila mahali pa ethi mpaka chuma kitupu, akaze, kisha apake grisi juu. Kuanzia hapo yeye ndiye fundi umeme wa gari hili, na hata wewe ukitaka kugusa waya umuulize.

Naye jirani umjibu kwa upole. Mikono haiumizwi kwa kuwa ya kike. Inaumizwa na jeki. Land Rover hii ina uzito wa kama kilo 1,300. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tumieni stendi za chuma, chini yake ubao mnene ili zisizame. Na hapa kwetu kuna tabia ya kuegemeza gari juu ya matofali ya saruji au mawe ya matumbawe. Mawe hayo ni mazuri kwa ukuta, lakini yakibebeshwa uzito kwenye ncha moja yanapasuka bila onyo. Avae ovaroli inayombana kiasi na viatu vilivyofunika vidole, si kandambili. Mtandio uwe ule wa kuvuta unaokaa kichwani, ncha zake ndani ya ovaroli, kwa sababu mkanda wa feni na grenda vinavuta nguo haraka kuliko mtu anavyoweza kuzima. Mikono ikichafuka asioshe kwa petroli. Mafuta ya nazi kwanza, kisha sabuni.

Asiyoyafanya ni haya: kuchomelea chesisi, kukata kwa grenda, kuminya springi, vumbi la breki, na kupulizia rangi ya kuchanganya na dawa ya kugandisha, ambayo mvuke wake unaharibu mapafu na unahitaji barakoa yenye hewa yake. Akiwa na hamu ya kuchomelea, na nadhani atakuwa nayo, ajifunze kwenye vipande vya chuma chakavu chini ya mwalimu. Waulizeni Kituo cha Mafunzo ya Amali Vitongoji. Avae barakoa ya kuchomelea hata akiwa mtazamaji, maana mwanga ule unaunguza macho na maumivu yanakuja usiku. Chuma kilichochovywa zinki kisichomelewe kabla zinki haijasuguliwa, kwani moshi wake unaleta homa.

Rangi ije mwisho, na wala si jambo la kuogopa. Gari hili linapendeza kwa rangi ya mafuta ya kawaida iliyopakwa kwa brashi nzuri au rola ya sponji, tabaka tatu nyembamba, msasa wa maji namba 400 katikati. Alumini isuguliwe kwa msasa au brashi ya nailoni. Brashi ya waya wa chuma inaacha chembe zinazoanzisha ugonjwa ule ule tuliosema. Kostiki soda msiitumie kabisa kutoa rangi ya zamani, kwa kuwa inaila alumini yenyewe. Msipake wakati wa masika. Hata kiangazi, anzeni jua likishakausha umande na mmalize mapema alasiri. Rangi mbichi inayokutwa na umande wa jioni inafifia na kuwa ya maziwa. Ndani ya boksi la chesisi, baada ya kuosha na kukausha siku kadhaa, nyunyizeni nta ya kuzuia kutu kwa mrija mrefu kupitia vile vitundu. Rudieni kila mwaka kabla ya mvua, na mhakikishe vitundu vya chini viko wazi.

Muda nakadiria miaka miwili ya mwisho wa wiki, mkiwa na bidii na spea zikifika. Mtihani wa kidato cha nne uko mbele yake, kwa hiyo gawanyeni kazi vipande vinavyoisha: mwezi wa umeme, mwezi wa milango, mwezi wa kabureta. Msilivue gari zima kwa siku moja. Magari mengi ya namna hii yanafia kwenye makopo ya bolti zisizo na majina. Kila kinachotoka kipigwe picha, kitiwe kwenye kopo lake, kiandikwe. Na kila mnapoagiza spea tajeni namba ya chesisi, kwa sababu vifaa vilibadilikabadilika ndani ya Series III hiyo hiyo.

Yapo matano yatakayokulazimu kusimama na kumwita mtu aje alione gari kwa macho: taa ya oili isipozima sekunde chache baada ya injini kuwaka, mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, usukani unaocheza zaidi ya upana wa vidole vitatu kabla magurudumu hayajageuka, pedali ya breki inayozama taratibu mguu ukiwa umekanyaga, na ufa wowote kwenye shikio la springi, hata mwembamba kama unywele. Kabla hata ya kutafuta betri, nitumie picha za zile duara za chaki, upande kwa upande, na karibu na kila duara binti yako aweke rula ili ukubwa wake uonekane.